Kwa nini makumbusho ya magari yanafungwa wakati magari yenyewe yapo

Ukikaa na watu wanaopenda magari ya zamani lazima atokee mmoja aulize, hivi mbona huku kwetu hakuna makumbusho ya magari ya maana, na jibu linalorudi karibu kila mara ni hela. Hela kweli inahusika, sibishi, lakini ukifuatilia makumbusho yaliyokufa Ulaya na Marekani utakuta mengi yalianzishwa na watu wenye hela kupita kiasi na bado yakafa. Kwa hiyo hela peke yake haitoshi kueleza. Kuna suala la nani hasa mwenye magari kisheria, kuna gari lenyewe linavyooza likisimama, kuna ubishi wa kuliwasha au kuliacha, kuna bili za jengo, na haya yote yamefungamana, ukitatua moja unajikuta umelikaza lingine.

Nianze na Mulhouse, mji wa mashariki mwa Ufaransa jirani kabisa na Uswisi, maana kisa chake kina karibu kila kitu ndani. Ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, walikuwa na viwanda vya kusokota sufu, matajiri wa kweli, na Fritz alikuwa na mapenzi yasiyo na kipimo na magari ya Kifaransa ya Bugatti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuwaandikia barua wenye Bugatti popote walipo akiwaomba wamuuzie. Mwaka 1964 akanunua Bugatti 30 kwa mkupuo kutoka kwa Mmarekani mmoja wa Illinois, John Shakespeare, dola 85,000 kwa zote, zikapakiwa kwenye treni zikaanza safari ya kuja Ufaransa. Humo ilikuwemo Royale moja, aina ambayo zimebaki sita tu duniani, na Royale nyingine alishaichukua kutoka kwa kampuni ya Bugatti yenyewe. Leo kwa hela ile hupati hata moja ya zile 30, sidhani hata kama unapata injini.

Magari yakakusanywa kwenye kiwanda kimoja cha zamani cha nyuzi, wakaletwa mafundi wa bodi, wa rangi, wa ngozi za viti, wa injini, na wote wakatakiwa kufunga mdomo. Ndani zikasimikwa mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre III kule Paris. Kwa maneno mengine makumbusho yalikuwa tayari, yamepambwa, ila kwa macho ya mwenye nayo na wageni wake wachache.

Katikati ya miaka ya 1970 biashara ya nguo na nyuzi Ulaya ikaanguka. Viwanda vya akina Schlumpf vikayumba, watu wakaanza kupunguzwa kazi, migomo ikaanza, ndugu wakavuka mpaka wakahamia Basel. Tarehe 7 Machi 1977 wafanyakazi wakaingia kwenye kile kiwanda wakakuta mamia ya magari yanang'aa chini ya zile taa, wakati wao wanaambiwa kampuni haina kitu. Gari moja dogo, Austin 7, lilichomwa moto. Yaliyobaki waliyalinda kwa miaka 2, wakafungua milango watu waingie wajionee, na mimi hapa nakazia kabisa, makumbusho yale leo yapo kwa sababu watu waliokuwa na kila sababu ya kuyavunja hawakuyavunja. Mwaka 1978 Ufaransa ikauweka mkusanyiko wote chini ya ulinzi wa urithi wa taifa ili usiuzwe kipandekipande nje ya nchi, mwaka 1981 chama kilichoundwa kwa kazi hiyo kikaununua kwa faranga milioni 44, na mwaka 1982 milango ikafunguliwa rasmi kwa umma.

Sasa angalia tatizo lilikuwa wapi. Hayakukosa magari, hayakukosa jengo wala mafundi. Tatizo ni kwamba magari yalikuwa mali ya watu na kampuni zao, na siku kampuni ilipodaiwa magari nayo yakawa ni mali ya kulipia madeni kama mashine za kusokotea. Hakuna karatasi iliyosema haya ni ya makumbusho, yasiguswe.

Na sio wao tu. William Harrah, tajiri wa kasino kule Reno, Nevada, alikusanya magari kama 1,400 na alifanya kazi kwa umakini ambao mpaka leo watu wa fani wanausifia, alikuwa na karakana yake mwenyewe, maktaba ya vitabu vya ufundi na katalogi za zamani, na watu wa kutafiti kila gari lilitoka kiwandani na rangi gani na kitambaa gani. Akafariki 1978. Magari yalikuwa ndani ya kampuni, na 1980 Holiday Inn wakainunua kampuni, magari yakaja pamoja na vitanda na meza za kamari. Kampuni ya hoteli ikiangalia mabanda yamejaa magari inaona hela iliyolala, na ndivyo ilivyokuwa, kuanzia 1984 mpaka 1986 yakapigwa mnada. Wenyeji wa Nevada walilalamika sana na ndo ikapatikana nafuu, magari 175 pamoja na ile maktaba vikatolewa kuanzisha makumbusho mapya ambayo yalifunguliwa 1989 na bado yapo. 175 kutoka 1,400.

Karibuni zaidi ni Mullin Automotive Museum ya Oxnard, California, iliyofunguliwa 2010, mahali pa magari ya Kifaransa ya miaka ya 1920 na 1930 yaliyochorwa kwa mkono wa sanaa hasa. Peter Mullin alifariki Septemba 2023 na Februari 2024 makumbusho yakafungwa, na baadhi ya magari yakaingia mnadani mwaka huohuo. Uingereza nayo, mkusanyiko wa magari ya mashindano ya Grand Prix pale Donington uliofunguliwa na Tom Wheatcroft 1973 ulifungwa Novemba 2018, miaka kadhaa baada ya mwenyewe kufariki. Unaona mfululizo ulivyo, mtu anapenda, anakusanya, anafungua milango, anakufa, na warithi wanabaki na kodi ya mirathi, bili ya bima na simu za madalali kila wiki. Warithi wala sio wabaya. Mtoto ambaye hapendi magari hawezi kulazimishwa kutumia maisha yake kufuta vumbi kwenye mapenzi ya baba yake.

Aliyelishughulikia hili mapema ni Lord Montagu wa Beaulieu, kusini mwa Uingereza. Yeye alianza 1952 na magari matano tu kwenye ukumbi wa mbele wa nyumba ya ukoo, kumkumbuka baba yake ambaye alikuwa kati ya watu wa kwanza kupigania magari Uingereza, na pia kwa sababu lile jumba kubwa lilihitaji kipato la sivyo lingewashinda. Alafu wakaunda taasisi ya wadhamini, mkusanyiko ukawekwa chini ya taasisi, jengo jipya likafunguliwa 1972. Mwenyewe kafariki 2015 na makumbusho hayakutikisika. Hiyo ndo faida ya udhamini, kwamba gari likishaingia mtu binafsi hawezi kuamka asubuhi akaliuza, mtoto hawezi kulirithi, mdai wa familia hawezi kulikamata. Ubaya wake ni kwamba mwanzilishi lazima akubali, angali hai na nguvu zake, kuacha kuwa bosi wa vitu alivyovitafuta maisha yake yote, na wengi hawakubali mpaka inakuwa wamechelewa.

Kuna na mtego mwingine humohumo. Magari mengi unayoyaona kwenye makumbusho sio ya makumbusho, yameazimwa. Mwenye gari anapata sehemu salama ya kuliweka bure au kwa bei ndogo, makumbusho yanapata kitu cha kuonyesha, wote wanafurahi, mpaka siku soko linapopanda na mwenye gari anakuja na trela. Mwezi Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, ile wanaita Uhlenhaut Coupé, iliuzwa euro milioni 135. Bei za namna hii zinabadilisha akili za watu, ukishasikia vile unaanza kuliangalia gari la marehemu babu kwa jicho jingine. Na ukitaka kununua wewe mwenye makumbusho huwezi kushindana na bilionea, na ukiwa nalo tayari bima inapanda kila thamani inapopanda, kwa hiyo kupanda kwa bei kunakuumiza huku na huku.

Tuingie kwenye gari lenyewe, na hapa ndo pananisisimua zaidi kwa sababu watu wengi wanadhani gari likipaki kwenye chumba kizuri limepona. Hapana. Chungu au kinyago ukikiweka kwenye kabati kavu kitakaa miaka 200. Gari lina chuma, alumini, shaba, raba, ngozi, mbao, nguo, plastiki, mafuta na asidi vyote vimebanana sehemu moja, na kila kimoja kinataka hali yake. Ngozi na mbao zikikauka sana zinapasuka, kwa hiyo zinataka unyevu kidogo hewani, chuma kikipata unyevu kinashika kutu. Mhifadhi anatafuta katikati, kwa kawaida kama asilimia 40 mpaka 50 hivi ya unyevu wa hewa, na cha muhimu kuliko namba yenyewe ni isipande na kushuka kila siku, maana kule kupanda na kushuka ndo kunapasua rangi na mbao. Hiyo maana yake mitambo ya hewa inafanya kazi usiku na mchana, mwaka mzima, kwenye ukumbi mkubwa kama ghala. Piga hesabu ya umeme.

Alafu vimiminika. Petroli ikikaa miezi inaanza kuchacha, ikikaa miaka inageuka utomvu unaonata kama gundi ndani ya kabureta na kwenye tundu zake ndogo, na petroli ya siku hizi iliyochanganywa ethanoli ni mbaya zaidi kwa sababu ethanoli inavuta maji, maji yanakaa chini ya tangi na tangi linaoza kutokea ndani huku nje linang'aa. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu kutoka hewani, ukiyaacha miaka bila kubadilisha pistoni za breki zinajamu ndani ya silinda zake. Tairi zikibeba uzito sehemu moja muda mrefu zinapata bapa, ndo maana kwenye makumbusho ya uhakika utakuta gari limeinuliwa kidogo kwa stendi zilizofichwa. Raba za sili zinakauka, gasketi zinasinyaa, panya wanatafuna waya, na mwanga wa jua wa dirishani unapausha viti upande mmoja.

Sasa chukua gari lililosimama miaka 30 uone linavyoamshwa. Fundi mwenye akili hagusi swichi kabisa. Anatoa plagi zote, anamimina oili kidogo kwenye kila silinda, anaacha ikae siku kadhaa izame kwenye ringi, alafu anaweka spana kwenye nati ya mbele ya krenkshafti na kuizungusha kwa mkono, taratibu, akisikiliza. Ikigoma halazimishi, anarudia oili na kusubiri tena, maana ringi iliyoshikana na ukuta wa silinda ukiivuta kwa nguvu inavunjika na injini ambayo haina spea popote duniani imekwisha hapohapo. Ikizunguka ndo anaenda kwenye tangi, mipira ya mafuta, pampu, redieta, breki, kimoja kimoja. Ni kazi ya wiki nyingi ya mtu mmoja mwenye mkono mzuri. Makumbusho yenye magari 200 yana wangapi wa namna hiyo? Mara nyingi wawili au watatu, na wazee. Wanaojua kurekebisha breki za waya, kumimina bearingi za babiti, kunyoosha mabati kwa nyundo na gurudumu la mkono wanazidi kupungua, na kijana wa leo kafundishwa kuchomeka kompyuta.

Ndo unakuja ule ubishi mkubwa wa fani hii, gari la makumbusho liendeshwe au lisiendeshwe. Wanaosema liendeshwe wana hoja, kwamba gari ni mashine, ukilinyima mwendo umebaki na sanamu, mtoto akisikia injini ya silinda nane inaunguruma anaelewa kitu ambacho bango la maelezo haliwezi kumwambia, na kwa kweli oili ikizunguka mara kwa mara inazuia mengi ya yale niliyoeleza juu. Wanaokataa nao wana hoja, kila kilomita inakula kitu, unabadilisha bearingi, unabadilisha valvu, unabadilisha mipira, baada ya miaka 40 umebaki na chesisi na jina. Franschhoek Motor Museum ya Afrika Kusini, kwenye shamba la zabibu la familia ya Rupert, wamechagua kuyaweka magari yao katika hali ya kutembea, wana zaidi ya 200 na wanaonyesha kama 80 kwa wakati, mengine yanasubiri zamu. Mimi naegemea huko, ila kwa masharti, kwamba lile ambalo limebaki peke yake duniani liachwe.

Ubishi huo una ndugu yake, kulitengeneza upya au kuliacha lilivyokutwa. Zamani jibu lilikuwa rahisi, piga rangi, badilisha ngozi, ling'arishe. Siku hizi watu wamegundua kuwa ukipiga rangi mpya umefuta ushahidi. Mkwaruzo wa mashindano, namba iliyoandikwa kwa brashi na fundi wa 1930, kiti kilichobonyea kwa dereva yuleyule miaka 20, hivyo ukivitoa havirudi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 hati inayoitwa ya Turin inayosisitiza kuhifadhi kwanza, kurekebisha baadaye na kwa kiasi. Huyohuyo Mullin alinunua sehemu ya Bugatti za akina Schlumpf zilizokuwa zimewekwa akiba bila kutengenezwa, akazionyesha na vumbi na kutu zake, na pembeni Bugatti Brescia iliyozama ziwa Maggiore miongo mingi mpaka ikaopolewa 2009, upande mmoja umeliwa kabisa. Wageni walikuwa wanasimama pale muda mrefu kuliko kwenye yale yanayong'aa.

Makumbusho ya Corvette, gari la kasi la Kimarekani, ya Bowling Green, Kentucky, yalilazimishwa kulijibu swali hili bila kutaka. Alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014 sakafu ya ukumbi ilifunguka, ardhi ya kule chini ni mawe ya chokaa yenye mapango, na Corvette nane zikatumbukia. Hakuna aliyeumia. Tatu zikatengenezwa, ikiwemo ile ya milioni moja kutoka kiwandani na nyeusi ya 1962, na tano zikaachwa zilivyopondeka zikarudishwa ukumbini hivyohivyo. Idadi ya wageni ikapanda mwaka ule. Nadhani uamuzi wa kuacha zile tano ulikuwa sahihi, kwa sababu kuzitengeneza kungemaanisha kujenga gari jipya na kulibandika namba ya zamani ya chesisi.

Kuhusu hela niseme kwa ufupi kwa sababu hapa hakuna siri kubwa. Kiingilio hakilipi. Karibu hakuna makumbusho makubwa ya magari yanayojiendesha kwa tiketi tu, yanaishi kwa kukodisha ukumbi wa harusi na mikutano, mgahawa, duka, michango, na ruzuku. Yaliyotulia zaidi ni ya viwanda vyenyewe, Mercedes-Benz na Porsche kule Stuttgart, Ujerumani, Toyota kule Nagakute, Japani, kwa sababu kiwanda kinahesabu ile ni gharama ya kujitangaza. Lakini hata huko hakuna uhakika, Chrysler walijenga makumbusho yao Auburn Hills, Michigan, 1999, wakayafunga kwa umma mwisho wa 2012, wakayafungua tena kwa muda 2016 na mwaka huohuo wakayafunga moja kwa moja. Na kila makumbusho hufika siku paa linavuja na kuna mtu kwenye kikao anasema tuuze magari mawili matatu tuezeke. Ukiuza mara moja, wafadhili wanaanza kuogopa kukupa magari, maana waliokupa hawakukupa ulipie mabati.

Lipo jingine ambalo bado watu hawajaliona vizuri, nalo ni magari ya sasa. General Motors walitengeneza gari la umeme EV1 kati ya 1996 na 1999, zaidi ya 1,100 kidogo, wakalikodisha tu bila kuuza, alafu wakayarudisha na kuyaponda karibu yote. Machache yaliyokwenda makumbusho na vyuo karibu yote yaliondolewa uwezo wa kutembea kwanza, kwa hiyo ukiliona umeona bodi. McLaren F1, zilizotengenezwa 106 tu, kwa miaka mingi zilikuwa zinahudumiwa kwa aina moja ya kompyuta ya zamani ya Compaq kwa sababu programu yake haikukubali kwingine, kwa hiyo kulitunza gari ilibidi utunze na kompyuta. Sasa fikiria gari la 2024 ambalo linafungua mlango kwa ruhusa ya seva ya kampuni iliyoko nchi nyingine. Kampuni ikifa, au ikizima seva, mhifadhi wa 2070 atakuwa na nini? Kabureta unaweza kuichonga upya kwenye mashine ya lathe, programu iliyofungwa kwa nywila huwezi.

Nirudi huku kwetu. Vitu tunavyo. Pale Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, mtaa wa Shaaban Robert, lipo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya mkoloni na baadaye likamtumikia Mwalimu Nyerere, gari moja lenye tawala mbili ndani yake, na lipo umbali mfupi tu kutoka baharini, kwenye hewa ya chumvi ambayo inakula hata nondo za dirishani. Kenya mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, likatoka Nyayo Pioneer, likazinduliwa 1990, halikuingia kiwandani kamwe, na karakana ya mradi ule ikaishia kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha serikali cha kuchonga vipuri. Tanzania tuna Nyumbu, gari lililobuniwa hapahapa nchini, pale Kibaha. Haya ni magari yanayosimulia nchi zilitaka kuwa nini, hata kama hayakuuzika.

Na Safari Rally ndo inaniuma kabisa. Ilianza 1953, ikapita kwenye tope la Kenya, Uganda na Tanganyika, ikatoa watu kama Joginder Singh wa Kericho aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda akashinda mara tano. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann unajua iko wapi? Zama, Japani, kwenye ghala la urithi la Nissan, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wenyewe waliifufua. Siwalaumu hata kidogo, kama isingekuwa wao ingeshakatwa. Maana njia ya kawaida ya gari huku ni moja, linakuwa teksi, linakuwa la mizigo, linakuwa spea, linakuwa chuma chakavu kwa kilo. Mitaa ya Gerezani pale Dar es Salaam imeyavunja magari ambayo leo Ulaya yangepigiwa magoti, na aliyevunja hakukosea, alikuwa na familia ya kulisha.

Sheria nazo zinatubana pasipotegemewa. Kenya kwa kawaida gari lililozidi miaka 8 haliingii, Uganda mwaka 2018 walikataza lililozidi 15, na nia ni nzuri, kuzuia madampo ya magari mabovu, lakini sheria ikiandikwa hivyo bila mlango wa makumbusho hata gari lililotoka hapahapa likashinda Safari likauzwa nje linarudi kwa tabu kubwa. Kuongeza mstari mmoja wa msamaha kwa taasisi zilizosajiliwa hakuhitaji bajeti.

Ndo maana nikisikia mtu anataka kuanza na jengo naona ameanza mwisho. Ningeanza na daftari, nani ana gari gani, namba ya chesisi, lilishindana wapi, picha zake, kadi yake ya usajili, kwa sababu familia nyingi za Nairobi, Arusha na Kampala bado zina magari yale kwenye banda na wazee wenye historia wanaondoka. Pili ningesajili udhamini kabla ya kupokea hata gari moja, wenye masharti ya kuuza yameandikwa tangu siku ya kwanza. Tatu ningechagua sehemu ya juu na kavu, Arusha, Iringa, Nakuru, sio pwani, kwa sababu hali ya hewa ikikusaidia bili ya mitambo inapungua sana. Na nne mafundi. Hapa tuna kitu ambacho Ulaya wanakitafuta kwa tochi, fundi wa Peugeot 504 na Land Rover Series ambaye bado anafungua kabureta kila wiki kwa sababu wateja wake bado wanaendesha gari hizo kwenda shamba. Huyo alipwe mshahara wa kudumu apewe vijana wawili wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, wa kukaa naye, na wamrekodi kwa simu akiwa anafanya kazi, kila hatua. Gharama ya hilo kwa mwaka ni ndogo, na linaweza kuanza kabla hata kiwanja hakijapatikana.